Chapa ya Pili

Karatu
3 Oktoba 1983

Ndugu Fundi,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Hatujuani. Mimi ndiye mhudumu wa meno katika zahanati ya hapa Karatu, na tangu nianze kazi nimekuwa mtu wa kung'oa tu, meno ya kurudishia sijawahi kuagiza. Mganga wetu ameniambia kwamba Arusha kuna fundi anayetengeneza meno ya bandia kwa kupelekewa chapa ya kinywa, hata mgonjwa mwenyewe hana haja ya kumwona. Hilo la kutomwona mgonjwa limetufaa sana.

Chapa iliyomo kwenye mkebe huu ni ya mwanamke wa Rhotia, umri miaka arobaini na mmoja. Amepotewa na meno manne ya mbele, ya juu. Nilikoroga ule unga wa chapa tuliopewa na wafadhili, nikaujaza kwenye trei, nikaubana kinywani mpaka ukaganda, kisha nikaufunga kwa kitambaa kibichi. Rangi usiweke nyeupe, tafadhali. Maji ya huku hutupaka meno kahawia tangu utotoni, na ukimtilia meupe atafanana na mtu aliyeuma chokaa.

Tuna haraka. Tarehe 14 Januari anaolewa binti yake, yaani mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu akiwa wa kunyonya. Huku kwetu mlezi husimama mbele ya watu wote, akamshika bibi harusi mkono, akamwombea na kumuaga. Mgonjwa amesema bila meno hatasimama, na mwingine wa kusimama badala yake hayupo.

Wako katika kazi,
Marsela Qamara


Arusha
19 Oktoba 1983

Ndugu Marsela,

Mkebe nimeupokea. Basi liliharibika Mto wa Mbu, kondakta anasema walilala pale siku mbili, kwa hiyo chapa imenifikia imekauka kama ugali wa jana. Hata hivyo nimejitahidi. Bamba la meno hili hapa, meno manne, kahawia hafifu. Kuchanganya rangi hiyo kumenichukua asubuhi nzima na sijawahi kuombwa kitu kama hicho.

Nina swali moja. Mgonjwa akicheka, mdomo wa juu unapanda hadi wapi? Mimi hupata vinywa bila nyuso, na kwenye chapa kicheko hakionekani.

Xavery Lukwale, fundi


Karatu
5 Novemba 1983

Ndugu Fundi,

Bamba lako limefika na linacheza. Mgonjwa akisema "baba" linashuka, akisema "sisi" linapiga filimbi. Ukibonyeza upande wa kulia, wa kushoto unainuka. Alijaribu kula nalo kiporo cha maharage likamkata ufizi, sasa ana kidonda.

Kama ni ufundi wa kukisia hata mimi ningeweza kuchonga mti. Nimekurudishia bamba lako kwenye mkebe uleule.

Swali lako la kicheko: hacheki. Weka urefu wa wastani.

Marsela Qamara


Arusha
14 Novemba 1983

Dada Marsela,

Umenigombeza na nimekubali nusu. Nusu nyingine naomba uisikie.

Mimi sikupewa kinywa, nilipewa chapa. Bamba lako linakaa kwenye chapa ile bila kutikisika, nimelijaribu tena leo. Tatizo ni kwamba chapa yenyewe haikuwa inafanana na kinywa tena. Ule unga ukishaganda huwa umejaa maji, na kila saa inayopita maji yanatoka nao unasinyaa. Husinyaa kidogo tu, unene wa ukucha, lakini ufizi wa mtu hauwezi kudanganywa kwa unene wa ukucha. Kitambaa kibichi kinasaidia kwa nusu saa. Kwa siku tatu za barabarani hakisaidii kitu. Lawama najitwika mwenyewe, maana niliiona imekauka na bado nikatengeneza.

Sasa sikiliza, hili ndilo muhimu. Usinitumie chapa. Ukishaitoa kinywani tu, isuuze mate, imiminie plasta papo hapo ikiwa bado mbichi mkononi. Gonga trei polepole pembeni ili mapovu yatoke. Iache igande vizuri, kisha nitumie hiyo sanamu ya plasta. Plasta haisinyai, hata basi likilala Mto wa Mbu wiki nzima.

Na umakini uwe mkubwa, kwa sababu ya habari hii: unga wa waridi tunaotengenezea ufizi umekwisha nchini. Bohari hawana, Dar es Salaam hawana, na hakuna anayejua meli italeta lini. Nimebakiwa na wa bamba moja tu. Wenzangu wawili wamekwenda makwao kungoja vifaa, nimebaki peke yangu karakanani na rafu iliyojaa vinywa vya plasta. Nimeamua hilo bamba la mwisho liwe la mgonjwa wako. Kwa hiyo chapa ikikosewa tena, hakuna meno.

Huko Karatu kahawa imekwisha kuchumwa? Naambiwa asubuhi ukungu unashuka kutoka msitu wa Ngorongoro hadi milangoni mwa watu. Mimi ni mtu wa Mahenge, nimezoea joto.

Xavery


Karatu
28 Novemba 1983

Kaka Xavery,

Haya, nimekusikia. Plasta ya meno hatuna, ila tunayo ile ya kufungia mifupa. Mganga amenipa vikombe viwili huku akiguna kwamba sasa akija aliyevunjika mguu nitamfunga kwa meno. Nimefanya kama ulivyoagiza: kusuuza, kumimina, kugonga. Imetoka safi, hata mikunjo ya kaakaa inahesabika. Nimeifunga kwa pamba na magazeti.

Kahawa bado inachumwa kwenye mashamba ya wakubwa. Vibarua wa Singida wamejaa, na mchumba wa yule binti ni mtoto wa vibarua hao, kijana mpole, dereva wa trekta. Ukungu ni kweli. Asubuhi nyingine nasikia kengele za ng'ombe wa Wamasai zikipita barabarani na ng'ombe wenyewe siwaoni.

Mimi nafanya kazi nimefunga kitambaa mdomoni, kama ilivyo kwa watu wa meno. Ni desturi nzuri.

Fanya haraka, kaka. Siku zinakimbia.

Marsela


Arusha
12 Desemba 1983

Dada Marsela,

Nimeishika sanamu yako siku tatu, nikiigeuza dirishani.

Mtu anayempiga mwenzake chapa ya meno ya juu husimama nyuma ya kiti, na alama za vidole vyake hubaki pembeni, huku na huku. Hii ina alama moja ya kidole gumba, katikati, ikitokea chini kuelekea juu. Hivyo hasukumi mtu mwingine yeyote isipokuwa mwenye kinywa.

Mgonjwa ni wewe, Marsela?

Kama ni wewe, sithubutu kuitumia. Mkono wa mtu mwenyewe mbele ya kioo huvuta upande, na mimi nina unga wa mara moja. Inatakiwa mikono ya mtu mwingine. Au panda basi uje Arusha nikupige mimi, kazi ya nusu saa. Meno nitakumalizia mbele ya macho yako, na siku ya pili utarudi kwako ukiwa nayo. Muda upo.

Xavery


Karatu
27 Desemba 1983

Kaka Xavery,

Nilikasirika wiki mbili. Sasa Krismasi imepita, nimeisikiliza misa nikiwa nje ya kanisa upande wa dirisha, na hasira imechoka.

Ni mimi. Mwezi wa nane alikuja kijana mmoja wa Kimasai, anaitwa Sankale, gego limemwoza. Nikamkalisha kitini. Moran hakubali kushikwa na wanaume wawili kwa ajili ya jino, ni aibu, akasema atatulia mwenyewe. Nilipovuta alirusha kichwa, paji lake likanipata kwenye meno ya mbele. Yeye hakulia na mimi sikulia. Alipoondoka nilifunga mlango, nikang'oa vipande vilivyobaki mbele ya kioo, kimoja kimoja. Kwa hiyo usiniambie kuhusu kioo. Mkono wangu mbele ya kioo hautetemeki.

Hapa hakuna aliyewahi kuniona. Huvua kitambaa nikiwa ndani na mlango umefungwa. Rhotia sijakanyaga tangu wakati huo, nao kwa mguu ni asubuhi moja tu. Kwaya nimeacha. Watu wote wa tarafa hii wananiita Mama Meno, Xavery. Nimewang'oa wao, wazazi wao na padri wao. Nikisimama mbele ya arusi na pengo kama lango la zizi watacheka, na watacheka siku ya Domitila wangu, mbele ya wakwe. Yeye mwenyewe hajui. Nimemwandikia kwamba kazi ni nyingi.

Kuja Arusha siwezi. Dizeli haijafika, basi halijaondoka hapa tangu tarehe 18, barua hii inakwenda na gari la misheni. Na hata lingekuwepo, ni siku nzima ya kukaa goti kwa goti na watu wanaonijua.

Nakuomba kitu kimoja. Tumia sanamu uliyonayo. Ikikosewa nitajilaumu mwenyewe, na wewe sitakuandikia neno baya. Mpe dereva wa misheni, anarudi tarehe 6.

Marsela


Arusha
4 Januari 1984

Dada Marsela,

Pole kwa yote. Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko nilivyokusudia.

Lakini siwezi. Fundi akitumia chapa asiyoiamini anaharibu mara mbili. Dereva wa misheni amesema ana nafasi moja kwenye gari akirudi huku tarehe 9. Nimemwomba akuwekee. Nakungoja.

Xavery


Karatu
17 Januari 1984

Kaka Xavery,

Tarehe 9 sikupanda lile gari. Nilifika hadi kwenye geti la misheni, nikawakuta masista wawili wamekaa nyuma, wakanisalimu kwa furaha na kunisogezea nafasi. Nikasema nimekuja kuleta dawa.

Arusi imepita. Jumamosi saa nne lori la waimbaji lilipita mbele ya nyumba yangu kwenda Rhotia, nimeketi ndani kwenye kigoda, nimevaa gauni nililoshonewa kwa siku hiyo. Nilimsikia Hhando, kaka wa marehemu shemeji yangu, akiita jina langu kutoka garini. Walisimama kidogo, wakapiga honi, wakaondoka. Jioni walirudi wakiimba na mimi nikiwa palepale.

Jumapili Hhando alikuja, akazungumza kupitia dirishani. Anasema aliyesimama na Domitila ni katekista. Anasema wakwe waliuliza mlezi yuko wapi, na watu wakajibu kwamba Marsela hawezi kumpa mwanawe kwa watoto wa vibarua, ndiyo maana hakuja. Domitila alisikia. Hhando anasema hakulia, alikaza uso tu, na jana asubuhi wameondoka kwenda Singida kwa wazazi wa mume. Walipita barabara hiihii. Hawakupiga honi.

Jana hiyo, nilipokuwa nimekaa kwenye vidato vya nyuma, kitambaa kimelowa machozi nikakivua bila kukumbuka, akatokea Namunyak. Huyu ni mjane wa Kimasai wa Endulen anayefagia zahanati, Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Aliniangalia kinywani kwa utulivu, kama mtu anayekagua mtamba. Kisha akafungua kinywa chake, akanionyesha pengo lake la chini, lile ambalo wao hung'olewa meno mawili utotoni, akasema:

"Sasa wewe umekuwa kama sisi. Ila walikosea wakatoa ya juu."

Nilicheka, Xavery. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na nilikuwa sijacheka tangu mwezi wa nane. Kisha nikamkalisha nikamfundisha. Alinawa, akasimama nyuma ya kiti, akanishika kidevu kwa mkono ambao umekamua ng'ombe miaka hamsini, hata sikuhisi trei ikiingia. Plasta tulimimina pamoja. Hii hapa chapa ya tatu, ya mikono ya mtu mwingine, kama ulivyotaka.

Sina haraka tena. Tengeneza ukipata muda.

Marsela


Arusha
30 Januari 1984

Dada Marsela,

Meno yako haya. Yatakaa. Naapa yatakaa, na nitakwambia ninajuaje, ingawa nikishakwambia sidhani utapenda kuyavaa.

Sikuyatengeneza kwa chapa ya Namunyak. Yametengenezwa kwa chapa yako ya pili.

Alama ya kidole gumba ilikuwepo kweli, lakini ilikuwa mbali, mahali ambapo bamba haligusi. Pale penyewe panapohusika palikuwa safi kuliko chapa yoyote niliyowahi kuletewa, hata na wazungu. Nililiona hilo siku ya kwanza. Nilikuandikia kwamba imekosewa nikijua haikukosewa.

Nilitaka uje. Basi. Mke wangu alirudi Mahenge mwaka wa sabini na tisa. Wenzangu walipoondoka nilikaa hapa mwezi mzima bila mtu kuniita jina, isipokuwa barua zako. Wewe ulinigombeza, ukaniambia habari za kengele na ukungu. Nikafikiri: nikimtumia meno, ataandika asante, na yataishia hapo. Nikafikiri nusu saa moja tu, akae kwenye kiti hiki, nimwone akicheka nijue mdomo unapanda hadi wapi.

Bamba lilikuwa tayari tarehe 15 Desemba. Uliponiomba kwa barua ile ya Krismasi, lilikuwa kwenye droo, upande wa mkono wangu wa kulia nilioshikia kalamu. Nilikwishalifunga kumpa dereva. Kisha nikaona kwamba likikukaa vizuri utajua nilikudanganya, nikalifungua. Ndipo nikaandika "nakungoja". Sikuwa na sababu nyingine yoyote, na hiyo ndiyo yote niliyo nayo ya kujitetea.

Chapa ya Namunyak ilipofika nililiweka bamba juu yake. Lilikaa bila kupitisha hata unywele. Zile chapa mbili ni kinywa kimoja. Nililia, lakini hilo halikusaidii wewe wala Domitila.

Xavery Lukwale


Karatu
11 Februari 1984

Fundi,

Yamekaa. Nimesema "baba", nimesema "sisi", nimekula muhogo wa kuchoma. Rangi ni yetu kabisa. Namunyak ameyagonga kwa ukucha akasema ni meno ya mtu. Wewe ni fundi kuliko wote, na nikiyavaa asubuhi naumwa moyo hadi nakaa chini.

Jumatano nilifunga mlango, nikasimama katikati ya chumba, nikayasema yale maneno ya kumuaga bibi harusi, yote, kama mama alivyomwambia dada yangu. Yalitoka vizuri, hakuna hata herufi iliyopiga filimbi. Nilipomaliza sikujua niweke wapi mkono wangu, maana wa kushikwa hakuwepo. Yuko Singida, anaamini nilimdharau mumewe.

Sitajifanya kosa lote ni lako. Mimi ndiye niliyefunga mlango. Ningekwenda na pengo langu, wangecheka kwa muda wa wimbo mmoja, kisha ningemshika mkono. Nimemwandikia Domitila nikamweleza hilo. Kuhusu ile droo sikumweleza, kwa sababu hiyo si yangu kuieleza.

Utamweleza wewe. Chukua kalamu uandike kwa mkono wako kwamba chapa ya pili ilikuwa nzuri, na kwamba meno ya mlezi wake yalikuwa tayari mwezi mzima kabla ya arusi. Usijipunguzie wala usijiongezee. Anwani nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Mimi usiniandikie mpaka yeye atakapokujibu, na kama hatakujibu, basi.

Nimetafuta sana neno la kukutukana na sikulipata, nikapata hili tu. Miezi yote ile wewe ulikuwa peke yako, na mimi nilikuwa peke yangu, na kati yetu kulikuwa na siku moja ya basi. Ungeniambia hivyo kwa mstari mmoja. Mimi ningekujibu, Xavery. Ningekujibu kila wiki, hata kama hakukuwa na jino la kuzungumzia.

Marsela Qamara